Makombo ya Jikoni: Kutoka Kihamba cha Babu Hadi Uani wa Minneapolis



Kamati ya maandalizi ya mkutano wetu imeniomba niandike kurasa chache za historia kwa ajili ya kijitabu hiki. Bila shaka wengi wenu mlitazamia habari za wamangi, za vita vya zamani, au za nani alimzaa nani. Mimi nimechagua jambo dogo zaidi, ambalo kila mmoja wetu hulishika mikononi kila siku pasipo kulifikiria: maganda, makombo na mashapo yanayobaki jikoni baada ya kupika na kula.

Ninayo sababu ya kufanya hivyo. Katika ajenda ya kikao chetu cha Jumamosi limo pendekezo la kuuza ng'ombe wawili waliosalia nyumbani Marangu, na kukikodisha kihamba cha Babu kwa mtu wa nje. Kabla hatujanyoosha mikono kupiga kura, ni vema tukafahamu kihamba ni kitu gani hasa, na kimeishi kwa kula nini muda wote huu.

KIHAMBA KILIVYOKUWA

Kwa vijana mliozaliwa Minneapolis, Toronto, London au hata Dar es Salaam, yafaa nianze na maelezo. Kihamba ni shamba la nyumbani la Wachaga, katika miteremko ya Kilimanjaro, kati ya takriban mita 1,000 na 1,800 kutoka usawa wa bahari. Nyumba imo ndani ya shamba, na shamba limeizunguka nyumba. Juu kabisa ipo miti mirefu kama mringaringa; chini yake migomba; chini ya migomba mibuni; na chini ya mibuni magimbi, maharage na mboga. Mpaka wake ni ua wa masale, na maji yake yaliletwa na mifongo iliyochimbwa na wazee wetu kutoka kwenye mito ya mlimani. Humo ndimo walimozikwa babu zetu.

Mwaka 1984 wataalamu watatu, Fernandes, Oktingati na Maghembe, walichapisha utafiti wao juu ya vihamba hivi. Walihesabu aina zaidi ya 100 za mimea, katika mashamba ambayo kwa wastani hayakufika hata hekta moja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Jambo lililowastaajabisha wageni, tangu wakati wa Wajerumani hata leo, ni kwamba ardhi ile ile imelimwa vizazi kwa vizazi bila kupumzishwa, na bado inazaa.

Jibu la ajabu hiyo lilikuwa nyuma ya jiko. Ndizi zilipomenywa kwa ajili ya mtori au machalari, maganda yake yalikwenda kwa ng'ombe na mbuzi waliofungiwa zizini, pamoja na majani ya migomba, vigogo vilivyokatwakatwa, na nyasi ambazo kina mama walizibeba kichwani kutoka uwanda wa chini. Machicha ya mbege, yaani mabaki ya ndizi na ulezi baada ya pombe kuchujwa, nayo yalikuwa chakula cha mifugo. Maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa kwenye magimbi yaliyo karibu na mlango. Majivu ya mafigani yalinyunyizwa kwenye mboga. Kisha samadi ilitolewa zizini ikarundikwa kwenye mashina ya migomba. Migomba ikatoa mikungu. Na mikungu ikarudi jikoni. Mgomba ni mlaji mkubwa wa potasiamu, na ganda la ndizi lina potasiamu tele. Bibi hakuwa na habari za potasiamu, lakini alijua kwamba mgomba ulio karibu na zizi huzaa mkungu ambao mtu mmoja hauwezi.

Lugha yetu ya Kiswahili nayo ni shahidi wa maisha ya namna hiyo, na si kwa Wachaga peke yao. Chakula kinachosalia sahanini ni makombo. Kilicholala hadi asubuhi ni kiporo, nacho huliwa na chai. Kilichogandia chunguni ni ukoko, ambao watoto huugombea. Nazi iliyokwisha kukamuliwa huacha machicha, mpunga uliokobolewa huacha pumba, mbegu zilizokamuliwa mafuta huacha mashudu. Kila kimoja kina jina kwa kuwa kila kimoja kina kazi. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini Bibi alikuwa na akiba ya namna nyingine, ambayo faida yake haipatikani mpaka ioze kwanza.

Napenda tukumbuke pia kwamba kazi hii ilikuwa ya wanawake. Katika mila zetu kahawa ilikuwa mali ya baba, na maziwa yalikuwa ya mama. Madaftari ya ushirika yameandika majina ya wanaume na uzito wa kahawa yao. Sijapata kuona daftari lililoandika mizigo ya nyasi iliyopandishwa mlimani, wala ndoo za samadi zilizobebwa kutoka zizini, ingawa bila hizo kahawa yenyewe isingalikuwapo.

DUARA LILIVYOANZA KUKATIKA

Mibuni ililetwa mlimani na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wenyewe waliunda chama chao, kilichojulikana kwa kifupi kama KNPA, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jengo lake wengi wetu tulilipita kila tulipokwenda Moshi mjini. Kahawa ilijenga shule, ikaezeka nyumba kwa mabati, ikatusomesha. Hatuna budi kuishukuru. Hata hivyo kahawa ilikuwa zao la kwanza kubwa lililoondoka kihambani bila kurudi. Walau maganda ya buni yalibaki nyumbani baada ya kumenywa, na kilichosafiri ni punje tu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, Mwingereza Albert Howard, aliyekuwa amejifunza kwa wakulima wa India jinsi ya kurundika majani, samadi na mabaki mengine hadi yakawa mboji, aliona mbinu yake ikipokelewa na wenye mashamba makubwa ya kahawa Kenya na Tanganyika. Walezi wa kahawa hiyo kubwa walifundishwa kwa vitabu kile ambacho bibi zetu, mlimani, walikuwa wakikifanya kila asubuhi.

Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Nyumba nyingi ziligeukia kuuza ndizi na maziwa. Hapo ndipo jambo jipya lilipotokea. Mkungu wa ndizi unaposafirishwa kwa lori hadi Dar es Salaam, unakwenda na maganda yake yote. Maganda hayo huishia pipani, na kutoka pipani hupelekwa dampo la Pugu, mahali pasipo na mgomba wa kuyala. Fedha hurudi Marangu, rutuba hairudi.

Zaidi ya hayo, watu waliongezeka na ardhi haikuongezeka. Sensa ya 1967 iliukuta mkoa wa Kilimanjaro na watu takriban 650,000. Sensa ya 2022 iliwakuta takriban 1,860,000. Vihamba vikagawanywa kwa watoto wa kiume, kisha kwa wajukuu, hata vingine vikabaki na nafasi ya nyumba na migomba michache. Nyasi za uwandani zikawa mahindi ya watu wengine. Ng'ombe watano wakawa wawili.

Na sisi wenyewe, ndugu zangu, ni sehemu ya mzigo uliosafirishwa. Kihamba kililishwa na vinywa vya watu walioishi ndani yake, kwa kuwa penye walaji wengi hapakosi maganda mengi. Nilipokuwa mtoto tulikuwa watu 18 tuliokula kutoka kwenye jiko la Bibi. Leo jiko lile linamlisha mjane wa binamu yetu na mjukuu wake mmoja. Tunarudi Desemba kwa wiki mbili, tunapika kwa masufuria makubwa, na mama huyo hutania kwamba migomba iliyo karibu na jiko hunenepa kila masika kwa ajili ya Krismasi yetu. Ni mzaha wenye ukweli ndani yake.

WALIOTUTANGULIA MINNEAPOLIS NA SAINT PAUL

Baadhi yetu tulipofika katika miji hii miwili tulidhani tumefika kwa watu ambao daima wamekuwa wakitupa kila kitu. Historia inasema vingine.

Wenyeji wa nchi hii ni Wadakota, na jina la Minnesota latoka katika lugha yao. Kando ya ziwa Bde Maka Ska, ambalo leo limo ndani ya jiji la Minneapolis, palikuwa na kijiji cha wakulima wa Kidakota tangu 1829, chini ya kiongozi Mahpiya Wicasta; humo wanawake walilima mahindi. Mwaka 1851 Wadakota walitiwa saini mikataba iliyowanyang'anya sehemu kubwa ya ardhi yao, na baada ya vita vya 1862, Bunge la Marekani likaamuru mwaka 1863 waondolewe Minnesota. Nitarudi kwao baadaye.

Kisha wakaja wahamiaji wa Ulaya. Chini ya mteremko wa Cedar-Riverside, mtaa ambao ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki waliufanya makazi yao ya kwanza, palikuwa na kijiji cha maskini kilichoitwa Bohemian Flats, ukingoni mwa mto Mississippi. Wengi wao walikuwa Waslovaki. Walikuwa na bustani ndogo za mboga karibu na nyumba zao, wakaokota magogo yaliyochukuliwa na mto wakapata kuni. Kufikia mwaka 1931 karibu wote walikuwa wameondolewa ili kupisha bandari ya mto.

Jiji lenyewe lilihangaika muda mrefu na makombo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkuu wa afya wa Minneapolis, Daktari P. M. Hall, aliwataka wenye nyumba wayachuje maji makombo yao na kuyafunga katika karatasi, ili yasinuke wala kuganda pipani wakati wa baridi, na ili yaweze kuchomwa katika tanuri la jiji. Miji mingine mingi ya Marekani iliona heri kuyauza kwa wafugaji wa nguruwe. Ukiyatafakari, hilo nalo lilikuwa duara: makombo yakawa nyama, nyama ikarudi mezani.

Duara hilo lilivunjwa na ugonjwa. Mwaka 1952 virusi vya malengelenge ya nguruwe, vilivyojulikana California tangu 1932, vilisambaa katika majimbo mengi kwa njia ya mabaki ya nyama mbichi. Majimbo yakatunga sheria kwamba makombo sharti yachemshwe kabla ya kupewa nguruwe, na mwaka 1980 ikafuata sheria ya taifa zima. Gharama ya kuchemsha iliwashinda wafugaji wengi, ingawa hadi miaka ya karibuni wamekuwapo wachache jirani na miji hii waliokusanya makombo ya shule na mahoteli, wakayachemsha na kulisha nguruwe wao.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili watu walihimizwa kulima kila kipande cha ardhi kilichokuwa wazi. Bustani ya Dowling, kusini mwa Minneapolis, ilianzishwa mwaka 1943 kwa ajili hiyo, nayo inalimwa na wakazi hadi leo. Ni mojawapo ya bustani chache mno za wakati ule zilizosalia nchini humu.

Vita vilipokwisha, ukaja wakati wa kufukia. Kuanzia 1956 hadi 1972 taka za Saint Paul zilimwagwa kando ya mto katika dampo la Pig's Eye, yaani Jicho la Nguruwe. Jina hilo lilikuwa la utani la Pierre Parrant, muuza pombe wa karne ya 19, na kwa muda mfupi lilikuwa jina la mji wenyewe kabla haujaitwa Saint Paul. Basi chakula ambacho zamani kingaliliwa na nguruwe kikafukiwa katika Jicho la Nguruwe. Mwaka 1989 Minneapolis ikapata kiwanda kikubwa cha kuchoma taka na kuzalisha umeme, karibu na katikati ya jiji. Wakazi wa mitaa ya jirani wamelalamikia moshi wake kwa miaka mingi, na mwaka 2023 halmashauri ya kaunti ya Hennepin iliazimia kuandaa mpango wa kukifunga kati ya 2028 na 2040.

Hatimaye jamii hii nayo ilianza kurudi nyuma kuokota ilichodondosha. Tangu mwanzo wa 1990 sheria ya jimbo imekataza majani na nyasi za uani kuchanganywa na taka za kawaida katika miji hii miwili. Mwaka 2015 Minneapolis ilianza kukusanya makombo ya jikoni nyumba kwa nyumba, kwa wale wanaojiandikisha. Mwaka 2023 kaunti za Ramsey na Washington zilianza mpango wao, ambapo makombo hutiwa katika mifuko maalumu inayooza. Na ni nani wanaoyageuza mengi ya makombo haya kuwa mboji? Miongoni mwao ni Wadakota wa jumuiya ya Shakopee Mdewakanton, waliofungua kiwanja chao cha kutengeneza mboji mwaka 2011, kusini-magharibi mwa Minneapolis. Wazao wa watu walioondolewa katika ardhi hii mwaka 1863 ndio leo wanaoirudishia udongo wake.

Hasara ya kutofanya hivyo inajulikana. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikadiria kwamba mwaka 2018 chakula kilikuwa takriban asilimia 24 ya taka zote za majumbani na mijini zilizofukiwa. Mwaka 2023 ikakadiria kwamba asilimia 58 ya methani inayovuja kutoka madampo hayo husababishwa na chakula. Kikioza mahali penye hewa, chakula huwa udongo. Kikioza pasipo hewa, huwa gesi inayoongeza joto la dunia.

UANI KWETU

Mimi niliwasili Minneapolis Januari 1986, nikakaa Cedar-Riverside katika ghorofa isiyo na hata kiganja cha udongo. Miaka ile maganda yote yaliingia katika mfuko wa plastiki, na nakumbuka kwamba kulifunga fundo la mfuko ule kulinipa huzuni nisiyoweza kumweleza mtu. Mwaka 1994 mume wangu nami tulipata nyumba yenye uani, kusini mwa jiji. Kabla hatujanunua viti, tulipigilia mbao nne tukapata kisanduku cha mboji.

Nawaandikia utaratibu wetu, maana wengi wenu huniuliza kwa simu. Sehemu moja ya vitu vibichi, kama vile maganda ya ndizi na ya viazi, mashapo ya kahawa, majani ya chai na maganda ya mayai, huchanganywa na sehemu mbili au tatu za vitu vikavu, hasa majani yaliyopukutika mwezi wa Oktoba, ambayo majirani hukupa kwa furaha. Vitu vibichi vina naitrojeni, vikavu vina kaboni, na vijidudu vinavyoozesha vinahitaji vyote viwili, pamoja na hewa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Nyama, mifupa, mafuta na maziwa havitiwi katika kisanduku cha nyumbani, kwa sababu huvuta panya. Nyama, mifupa na maziwa peleka katika pipa la jiji, ambalo huvipokea. Rundo likiwa kubwa na likigeuzwa mara kwa mara, joto lake huweza kufika nyuzi 55 za Selsiasi, na mbegu za magugu hufa. Ukilichokonoa asubuhi ya baridi hutoa mvuke, kama zizi la ng'ombe Marangu saa kumi na mbili asubuhi.

Wakati wa baridi kali rundo huganda likawa jiwe. Msikate tamaa. Endeleeni kumwaga maganda juu yake. Kuganda na kuyeyuka huyapasua, na mwezi wa Aprili huoza upesi zaidi. Tangu katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Septemba, au siku chache za Oktoba, hakuna jalidi, na muda huo hutosha kwa mnafu, mchicha, sukuma wiki, maharage na majani ya maboga. Majirani zetu wa Kenya walioko Brooklyn Park hulima hayo hayo, na mbegu zimepita mkono kwa mkono.

Liko jambo moja ambalo huku ni kinyume cha nyumbani. Sisi tulifundishwa kwamba nyungunyungu ni rafiki wa mkulima. Minnesota ilifunikwa na barafu ya zama za kale, na nyungunyungu wote walioko leo waliletwa na watu baadaye. Bustanini hawana neno, lakini misituni hula majani yaliyoanguka ambayo miche ya miti na maua ya mwituni huyategemea. Kwa hiyo msichukue mboji yenye nyungunyungu kuipeleka msituni wala kando ya maziwa. Nao ni wahamiaji kama sisi, na mhamiaji hupaswa kuchunguza kwanza desturi za mahali.

Kahawa tunayokunywa hapa kwetu ni ya Kilimanjaro, tukiipata. Mashapo yake huenda kwenye mnafu. Kwa njia hiyo kiasi kidogo cha rutuba ya kihamba cha mtu fulani, ambaye hatumjui, hulisha mboga za Minneapolis. Ni jambo la kufurahisha, lakini pia ni deni.

MAONI YANGU KUHUSU PENDEKEZO

Ninarudi sasa kwenye ajenda. Nawaheshimu waliotoa pendekezo la kuuza ng'ombe na kukodisha. Wanazo hoja nzito. Fedha ya kodi ingesaidia karo za watoto wetu walioko nyumbani. Aidha, mjane wa binamu yetu amesema mwenyewe, mbele ya wazee, kwamba magoti yake hayawezi tena mzigo wa nyasi. Si haki sisi tulioko mbali kumbebesha mama yule heshima yetu kwa babu zetu. Anayesema kihamba kisiguswe, ilhali yeye mwenyewe hagusi jembe wala mfuko wake, hasaidii kitu.

Lakini tukiondoa ng'ombe tumeondoa tumbo la kihamba. Maganda hayatakuwa na pa kwenda, samadi haitakuwapo, na mpangaji asiye na mifugo wala watoto pale atauza mikungu mpaka ardhi ichoke, kisha atahama. Migomba haitakufa mwaka wa kwanza. Itazaa mikungu midogo, kisha midogo zaidi, na baada ya miaka kumi tutasema kwamba udongo ule haufai, tukauuza. Makaburi hayauzwi, ndugu zangu, lakini yanaweza kuzungukwa na nyumba za wageni.

Kwa hiyo naomba kikao kifikirie yafuatayo. Kwanza, ng'ombe wasiuzwe. Pili, michango yetu ya kila mwaka, ambayo mwaka jana ilipangwa kwa ajili ya ukuta wa matofali na geti, imlipe kijana wa pale pale mshahara wa kuleta majani na kutoa samadi. Ua wa masale umetosha kwa mpaka tangu enzi za babu yake Babu. Tatu, maziwa yawe ya mama yule, kama ilivyokuwa desturi, wala asidaiwe hesabu. Nne, ikiwa ni lazima kukodisha, likodishwe lile shamba la uwandani peke yake, na katika mkataba iandikwe kwamba mabua ya mahindi yapandishwe nyumbani yakawe lishe. Tano, kila nyumba yetu ya ughaibuni, yenye uani au isiyo na uani, itafute njia ya kutotupa makombo yake ovyo, ili watoto wetu watakaporithi haki ya kukisemea kihamba wawe wanajua kinavyofanya kazi.

Hatuwezi kuhamisha udongo wa Marangu, na maofisa wa forodha hawaturuhusu kuubeba hata katika kikopo. Desturi iliyoutunza udongo ule inabebeka, tena haina uzito. Tumeibeba hadi hapa, tukawakuta watu wa hapa wanaitafuta upya kwa gharama kubwa, kwa mapipa, magari na sheria. Ingekuwa aibu tuifundishe Minneapolis huku tukiiacha ife nyumbani.

Mwisho, tangazo dogo. Siku ya Jumapili, kwenye chakula cha pamoja bustanini, mtakuta ndoo mbili zenye maandishi. Katika ndoo ya kwanza tieni maganda ya ndizi, ya matunda na mabaki ya mboga, nitayachukua mimi. Katika ndoo ya pili tieni mifupa ya nyama choma na mabaki ya pilau; hayo yatakwenda katika pipa la jiji. Vijana wawili wameteuliwa kusimama hapo na kuwaelekeza wazee wasioona vizuri. Msiwakasirikie.

Wasalaam,

Shangazi yenu,
Minneapolis